Kauntabuku Langu la Marafiki: Niliyoyaona Nikiwa Mmisionari Mwanza

Niseme mapema kabisa, mi ni Mkenya, mtu wa Nakuru, kwa hiyo mkikuta Kiswahili kinayumba hapa na pale mnivumilie tu, miaka minne ya Mwanza imekinyoosha ila kuna vipande vimegoma. Naandika sababu kila mwaka masomo yakianza naona vijana wametumwa na makanisa yao kuja kufanya huduma kwa wanafunzi wa vyuo, wengine wa kwetu, wengine Waganda, kuna Wakorea, kuna Wamarekani, wote wanashuka na moto uleule nilioshuka nao mimi na wote ndani ya miezi miwili wananiuliza swali lilelile, kaka hawa wanafunzi mbona wanatuchekea vizuri halafu hawaji? Badala ya kumjibu kila mmoja kwenye simu acha niliandike lote mara moja, na aibu zangu zikiwemo.

Nilifika Oktoba 2021. Basi lilivuka Sirari alfajiri, Tarime, Bunda, Lamadi, Magu, mchana tuko stendi ya Buzuruga, Mwanza. Njiani tulipita karibu na Nassa mimi nimelala mdomo wazi na Biblia kifuani. Mwaka mzima baadaye ndo naambiwa Nassa ndipo Africa Inland Mission walipoanzia kazi yao Tanganyika, 1909, yaani injili ilikuwa imeshakaa kwenye ufukwe huu miaka mia na kitu na mimi kwenye barua zangu za kuomba michango nilikuwa nimeandika "shamba jipya". Barua zenyewe bado ninazo, nikizisoma nasikia joto masikioni.

Nikapanga chumba Malimbe, mwendo wa miguu mpaka SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mbele. Hapo toa 300,000 kabla hujanunua hata ndoo. Shilingi moja ya kwetu ilikuwa inazaa kama 20 za huku na hiyo ndo ilinipa kiburi cha pesa wiki za mwanzo, nalipia watu chipsi mayai ovyo, nadhani ndo urafiki unaanza hivyo.

Vibali nitasema kifupi maana hapo hakuna utani. Ukiwa mtu wa Afrika Mashariki unaingia bila shida, ila kuingia ni kitu kimoja na kufanya kazi ya kanisa ni kitu kingine, unatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi, wamisionari wako daraja C pamoja na wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Mi nilijua pasipoti imemaliza. Haijamaliza. Nilisimamisha kila kitu wiki kadhaa nazunguka na barua, pesa ya chakula inaisha, nakaa ndani naangalia dari. Anza hiyo shughuli ukiwa bado kwenu na kanisa mwenyeji la huku ndo likuombee.

Sasa wanafunzi. Nilikuja na mbinu niliyofundishwa semina, unamfuata mtu, unajitambulisha, unamwambia "naomba tupate muda, kuna jambo zuri sana nataka kukushirikisha". Siku ya kwanza nimewaambia vijana kama kumi na tano hivyo, wote wakasema sawa kaka, namba wakanipa, kesho yake hakuna aliyepokea simu. Nikaombea. Wiki ya pili hivyohivyo. Mpaka dada mmoja anayeuza juisi pale njiani akanihurumia akaniuliza, "Kaka samahani, we ni wa zile biashara za mtandao?" Kumbe maneno yangu neno kwa neno ndo wanayotumia wale jamaa wa kuuza virutubisho, unaitwa kwenye chai, unaonyeshwa picha za magari, unaambiwa leta watu wawili chini yako. Halafu we ni Mkenya, umevaa shati la kuchomekea, una haraka, una tabasamu la kuuza. Mtu gani atapokea hiyo simu?

Lugha nayo ilikuwa inanichongea. Kwa mama ntilie nasema "nipatie ugali samaki" kama nilivyozoea, mama ananiangalia, mwanafunzi pembeni anacheka chinichini. Huku ni naomba. Naomba maji, naomba chenji yangu, hata konda anakuomba nauli. Na salamu hazirukwi, hata ukiwa na moto kichwani, shikamoo kwa mtu mzima, halafu habari za nyumbani, za kutwa, za huko utokako, na mwenye nyumba wangu akiniona asubuhi ni "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mi nilikuwa napita na "sasa mama". Alinivumilia mwezi mzima siku moja akaniambia, mwanangu we una njaa gani isiyoisha.

Kosa lililoniuma zaidi mwaka ule wa kwanza ni la chai. Kanisa lililonituma lilitaka "matukio" kwenye ripoti, basi nikakodi projekta, nikanunua vitumbua na chai ya maziwa, nikatangaza kwa wanafunzi wa jirani kwamba Jumamosi njooni kwangu tunywe chai tuangalie muvi. Walikuja kumi na mmoja! Mmoja wao alikuwa jamaa wa Tabora, Muislamu, kijana mpole sana, tulikuwa tumezoeana kwenye foleni ya bomba. Muvi ilikuwa ya Yesu, ikaisha, nikasimama nikahubiri dakika arobaini nikaita watu mbele. Ni chumba cha futi kumi kwa kumi jamani, mbele wapi? Yule wa Tabora alikaa mpaka mwisho, akanisaidia kuosha vikombe, halafu mlangoni akaniambia taratibu, "Kaka, ungeniambia ni ibada ningeamua nije au nisije. Umeniambia chai." Basi. Hakunisema kwa watu, salamu tukaendelea kusalimiana, ila kwangu hakuingia tena mpaka anamaliza chuo. Mpaka leo nikialika mtu nasema kabisa kama kuna neno litasomwa au hakuna, na siku nikisema hakuna, hakuna, hata mtu akianza mwenyewe namwambia hiyo tuiweke kesho.

Na wale walokole wenzangu nao nawaambia hili, msianze na "umeokoka?". Malimbe asilimia kubwa ya utakaokutana nao wamebatizwa, wana jumuiya, wana kwaya, chuoni utakuta vikundi vya wanafunzi Wakristo, USCF, TAFES, CASFETA, Wakatoliki wana TMCS yao. Mimi nilianzisha kagrupu kangu na tisheti zake kabla sijakanyaga hata fellowship moja ya hapo, viongozi wa wanafunzi wakaniona mtu wa kugawanya watu, na kwa kweli nilikuwa nagawanya. Ningeanza kwa kwenda kukaa nyuma, kubeba spika, kufagia ukumbi. Nilikuja kufanya hivyo mwaka wa pili, tisheti zilishachakaa.

Hapo ndo anaingia jamaa nitakayemwita Ngosha, maana ndivyo kila mtu alivyokuwa anamwita, Msukuma wa Sengerema, mwaka wa pili ualimu. Nilimuuliza swali langu la umeokoka tukiwa kwenye vimbweta (kwa wageni, ni zile meza na viti vya zege vya kusomea nje, ukitaka kumjua mwanafunzi wa Tanzania usimfuate hosteli, kaa kimbwetani). Akaacha kalamu akaniambia ukoo wa babu mzaa mama yake ni wa Bukumbi, wameanza kubatizwa hukohuko kwa Wamisionari wa Afrika (wale White Fathers) waliofungua misheni pale 1883, babu mwenyewe alikuwa katekista mpaka anakufa, anatembea kwa baiskeli kijiji kwa kijiji. "Sasa we Mkenya ndo unakuja kunitangazia?" Hakusema kwa hasira, alikuwa anacheka, akanisogezea karanga. Tukawa tunasoma wote. Kiingereza changu kilikuwa kinawasaidia kwenye ripoti za fildi (mafunzo kwa vitendo) na riseachi, nilikuwa nawarekebishia kurasa mbili tatu kila jioni na hiyo ilifungua watu kuliko projekta.

Ila niliharibu pia. Geto la Ngosha, yaani chumba cha kupanga, walikuwa wanakaa watatu, yeye, Mkerewe mmoja na jamaa wa Kahama. Jioni moja nimepita wanakula, ugali wa udaga (unga wa muhogo) na dagaa, sufuria moja chini kwenye mkeka, wakasema karibu Mkenya. Nikaangalia ule ugali ulivyo mdogo, nikajua ni wiki ya ukame, bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, bado halijaingia, nikasema asanteni nimeshiba, nikatoa 5,000 nikaweka kwenye meza nikasema mtaongezea kesho. Niliondoka najisikia vizuri! Mkerewe alikuja kunieleza miezi baadaye kwamba ile hela ilikaa mezani siku tatu hakuna aliyetaka kuigusa. Wangenipa matonge mawili tukacheka ingeisha, lakini nimekataa mkono wao halafu nikawalipa. Siku hizi nanawa kwanza ndo naangalia kuna nini. Hata kama nimetoka kula.

Sasa kauntabuku.

Kanisa langu lilitaka kila mwezi majina. Nikanunua kauntabuku kwaya mbili, nikapiga mistari na rula: jina, dini, hali ya kiroho, mara ngapi nimekutana naye, hatua inayofuata. Wenye kuonyesha dalili naweka vema ya kijani. Nilikuwa na majina hamsini na sita. Sikuona ubaya wowote, nilijiambia huu ni uaminifu, mchungaji si anahesabu kondoo.

Machi 2022, usiku, mvua, umeme umekatika Malimbe nzima. Ngosha kaja kwangu kukimbia kuvuja kwa geto lao, ana zoezi la kuwasilisha asubuhi, akaomba karatasi. Mi niko jikoni nahangaika na mtungi wa gesi nikamjibu bila kufikiri, chukua daftari hapo juu ya ndoo uchane. Nikasikia kimya. Kimya kirefu, mvua tu kwenye bati. Nikageuka nikamkuta amechuchumaa na tochi ya simu mdomoni, anafunua ukurasa kwa ukurasa kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kitu cha moto. Akatoa simu mdomoni akasoma kwa sauti, "Ngosha. RC. Vuguvugu. Mara kumi na tisa. Afuatiliwe."

Nikasema kaka ngoja nikueleze.

Akasema, "Mara kumi na tisa. Na ile ya karanga umeihesabu?"

Nilikuwa nimeihesabu.

Akachana karatasi mbili tupu za mwisho, akalirudisha daftari juu ya ndoo, akalisawazisha, akatoka kwenye mvua. Wiki tatu sikumuona. Habari ikazunguka vimbweta vyote, nikipita watu wanaulizana kwa kunong'ona wewe umewekwa nini, mi moto, mi baridi, na wakaanza kuniita "mtumishi". Mnajua hilo neno lilivyo na heshima, kabla ya hapo nilikuwa Mkenya tu, nilikuwa "oya Mkenya". Mtumishi ni jina la mtu anayepewa kiti peke yake.

Nililichoma daftari nyuma ya nyumba. Nikawaandikia kanisani kwamba majina sitatuma tena, nitatuma habari kwa ujumla, wakikubali sawa wakikataa sawa. Theluthi ya msaada wangu ilikatwa mwezi uliofuata. Sitalitaja kanisa, waliokuwa wanafanya hivyo walidhani wanafanya vizuri kama mimi, ila nawaambia mnaokuja, hilo mliongee kabla ya kupanda basi, muulize ripoti ya aina gani mtatoa, maana ukishafika na njaa ikakushika utaandika chochote.

Aprili nikasikia kwa Mkerewe kwamba Ngosha amefiwa, baba yake mdogo, ndiye aliyemlipia ada tangu sekondari. Mara ya kwanza nilivyosikia nikafanya nilichozoea, nikatoa simu nitume 50,000 ya rambirambi, enzi za tozo ile ya serikali kwenye miamala ya simu, makato yanakuuma mpaka unaguna. Mwenye nyumba yuko kibarazani anachambua mchele, nikamwambia nataka kwenda lakini hajaniambia mwenyewe, tumekosana, sijaalikwa. Akasimamisha ungo. "Msibani nani huwa anaalikwa?"

Nikaenda. Daraja la Kigongo–Busisi la kuvuka ziwa kwenda Sengerema lilikuwa halijaisha, tulivuka kwa kivuko pale Kigongo kwenda Busisi, tumekaa foleni saa mbili na nusu juani, nguzo za daraja zimesimama majini kama zinatucheka. Kwenye begi nimebeba mahubiri ya kurasa nne juu ya ufufuo. Nilipofika hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala wa dhehebu gani, mzee mmoja akanipa shoka akanionyesha kisiki. Nikachanja kuni mpaka malengelenge yakapasuka, nikabeba maji na vijana wa pale, ibada akaongoza katekista, usiku wanaume tukalala nje kuzunguka moto, baridi ya alfajiri ile inaingia mpaka kwenye mbavu. Ngosha alipita na gunia la mkaa akaniona. "Umekuja," akasema. Nikasema nimekuja. Akaendelea na gunia lake. Siku ya pili jioni akaja kukaa kwenye gogo nililokalia, akanimegea muhogo wa kuchoma, tukatafuna hatusemi kitu. Zile kurasa nne nilirudi nazo Malimbe zimelowa jasho, wino umechirizika.

Tangu hapo sijatafuta rafiki kwa mbinu tena, ila kuna mambo madogomadogo nimeyaona nayasema haraka. Msipange kitu wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, hakuna atakayekuja na atakayekuja anaogopa kupata sapu (kurudia mtihani) kwa ajili yenu. Julai mpaka Septemba wengi wako fildi au makwao, Malimbe inabaki na mbuzi na wapangaji, ndo muda wa kwenda nyumbani kuona wazazi wako. Bumu likiingia watu wako furaha ila hawana muda na wewe, likiisha ndo utajua nani anakuja kupika kwako, na usihesabu hilo kama unafiki, hata mimi nilienda kula kwao theluthi ile ilipokatwa.

Pesa usikopeshe. Nilimkopesha mmoja 180,000 ya ada, hakuwa mwizi, alikuwa hana tu, na kila akiniona mbali anakata kona ya duka la vocha. Nimempoteza kwa 180,000. Sasa hivi nikiwa nacho natoa na nasema sitaki kurudishiwa, nikiwa sina nasema sina.

Kama we ni mwanaume na kuna dada anataka kujifunza neno, msikae chumbani mlango umefungwa hata kama mnasoma kitabu cha Hesabu, kaeni kibarazani kwa mama mwenye nyumba. Mimi niliitwa na mwenye nyumba wangu nikaambiwa kwa heshima zote kwamba Malimbe ina macho, na yule dada alishaanza kusemwa wakati mimi sijui lolote.

Na ziwa. Vijana watakualika kuogelea Luchelele, ni raha kweli, nilienda kila Jumapili mwaka wa kwanza nikijiona mwenyeji, mpaka nikaanza kupata choo chenye damu, ni kichocho. Dawa ni praziquantel, vidonge unapewa kwa uzito wako, vina kichefuchefu, vinaisha siku moja. Wenyeji waliponiona nimekunja uso wakaniambia na wao walishavimeza shuleni. Mkerewe akasema sasa ndo umebatizwa.

Ngosha alimaliza chuo 2023, alisota na maombi ya ajira kama wenzake, sasa anafundisha. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita tatu na kitu juu ya maji, mwezi uliofuata nikapita juu yake kwenda Sengerema kwenye utambulisho wa mchumba wake, dakika chache tu, na nikajikuta naangalia chini nikitafuta lilipokuwa gati la kivuko. Nimewekwa kwenye kamati ya harusi. Sikuombwa, niliwekwa. Vikao viko Nyegezi kila Jumapili jioni, soda unajinunulia mwenyewe.

Jumapili iliyopita mwenyekiti alikuwa anasoma hali ya michango, alipofika kwangu akanyamaza akamwangalia Ngosha, Ngosha akalisukuma daftari mezani mpaka mbele yangu. Kauntabuku kwaya mbili, mistari ya rula. "Mkenya. Ahadi 200,000. Katoa 120,000. Afuatiliwe." Na pembeni yake, kwa penseli, mwandiko wa Ngosha ninaoujua tangu kwenye ripoti zake za fildi: vuguvugu.

Harusi ni Desemba.